Mikono Inayoishi Nshambya

Jumapili ya Mavuno katika usharika wa Rwabigaga, Kimwani, ibada ilianza saa tatu na dakika ishirini badala ya saa tatu kamili, kwa sababu betri ya kipaza sauti ilikuwa imesahaulika nyumbani kwa mwinjilisti. Waumini walingoja nje kwenye nyasi, kila mtu na alichokileta: mikungu ya ndizi, maharage kwenye ndoo, kuku waliofungwa miguu, miwa, mayai yaliyolazwa kwenye majani makavu. Alistidia Kyaruzi, mjane wa miaka hamsini na minane, alisimama kwenye mstari wa kina mama na kikapu kidogo kilichofunikwa kwa jani la mgomba aliloomba kwa jirani. Ndani ya kikapu kulikuwa na mkono wake wa kushoto.

Ulikuwa umetoka asubuhi hiyo hiyo, alipokuwa ananawa uso kwenye karai. Ulitoka kwenye kifundo, taratibu, bila damu wala maumivu, kama ndizi iliyoiva inavyoachia kichane. Pale ulipotokea palibaki ngozi laini iliyojifunga yenyewe. Alistidia aliukausha kwa upande safi wa kanga, akaupaka mafuta, akasugua udongo uliokuwa kwenye kucha, maana kitu cha Bwana hakipelekwi kichafu. Kisha akavaa gauni lake la kanisani, jambo lililomchukua muda kuliko siku nyingine, akaondoka.

Sababu ni hii. Katika usharika ule, wiki moja kabla ya Mavuno, mwinjilisti Kahigi husimama na kusoma majina ya nyumba ambazo hazijaahidi kitu. Hakuna anayekumbuka nani alianzisha. Anasoma polepole, anameza mate kati ya jina na jina, na watu wanageuza shingo kumtazama anayetajwa. Inatia kinyaa, lakini wengi wameizoea kiasi cha kuiona ni sehemu ya liturujia. Mwaka ule lilisomwa jina moja tu. Kila mtu alijua kwamba kibanja cha Alistidia kilikuwa kimeliwa na mnyauko, kwamba migomba yake ukiikata ilitoa usaha wa njano, na kwamba bwana shamba alikuwa amekuja akaamuru ing'olewe mpaka shina la mwisho. Walijua kwa sababu walikuwa wamepita pale kutazama. Waligeuza shingo vilevile.

Jumamosi mchana Alistidia alikuwa aking'oa hilo shina la mwisho. Aliegemea jembe akasema kwa sauti ya kawaida, "Bwana, mimi nimebaki na nini? Nimebaki na mikono tu." Hakuwa analalamika. Alikuwa anataja alichonacho, kama mtu anavyotaja akiulizwa. Kuna aliyesikia. Ni nani hasa, watu wa Rwabigaga hawajawahi kuliuliza swali hilo, na hawana mpango wa kuliuliza.

Wakati wa kupeleka mavuno mbele, mchungaji aliyetoka jimboni alibariki kila kitu kwa pamoja, akaondoka mapema kuwahi usharika mwingine. Wazee wa baraza ndio waliobaki kupanga vitu vya mnada, na wao ndio waliofunua kikapu. Hakuna aliyepiga kelele. Yalikuwapo mazungumzo mafupi kuhusu mkono uwekwe fungu gani, mazao au mifugo, na kwa kuwa ulikuwa na ngozi na kucha uliwekwa pamoja na kuku. Mzee mmoja aliuliza kama kupokea kitu cha namna hiyo ni sawa. Kahigi alimjibu kwamba sadaka haipimwi na anayeipokea. Wote walilipenda jibu hilo, na Kahigi mwenyewe alilipenda zaidi, akalirudia kwenye kipaza sauti.

Mnada wa Rwabigaga hufanyika pembeni ya ukuta wa kanisa, upande wenye kivuli. Wenye nazo hununua vilivyotolewa na wasio nazo, na kanisa linapata fedha za marumaru ya sakafu. Siku hiyo kuku waliondoka, mayai yakaondoka, kisha Kahigi akauinua mkono kwa kuushika kidole gumba. Watu walisogea. Waliiminya nyama ya kiganja kama wanavyominya kidari cha kuku, wakatazama sugu, wakauliza kama bado una nguvu. Mama mmoja akamwaga maharage kwenye ungo. Mkono ulishuka ukaanza kuchambua, mabovu huku, mazima kule, haraka kuliko mtu mwenye mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Alistidia naye alitaka kupiga, akapigapiga paja kwa ule wa kulia.

Wa kwanza kutaja bei alikuwa Lukmani. Huyu ni mfanyabiashara wa ndizi kutoka Bilele, mjini Bukoba, Mwislamu ambaye kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akileta pikapu yake kwenye mnada ule na kuondoka na mikungu. Tena ndiye mwenye nyumba anayopanga Joanitha, binti pekee wa Alistidia. Alitaja bei, akaipandisha mwenyewe kabla hajajibiwa, akasema wazi kwamba akiupata atamrudishia mama wa watu papo hapo. Kahigi akashusha kipaza sauti. Alieleza kwa upole mwingi kwamba kilichowekwa madhabahuni hakirudi kwenye nyumba kilikotoka, na kwamba mambo mengine ni ya ndani ya imani, ndugu yetu atuwie radhi. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa dakika moja. Kuku wa mama mkwe wake Kahigi ameshanunuliwa na kurudishwa kwao mara tatu katika minada hiyo hiyo, na mpaka leo anataga.

Mkono ulichukuliwa na mzee Rutaihwa. Mzee huyu ni mzaliwa wa Rwabigaga aliyestaafu kazi ya ofisini akajenga Nshambya, pembeni mwa mji wa Bukoba. Kule ni mzee wa kanisa, na huku nyumbani amepewa kiti cha heshima katika baraza, kwa hiyo kila Mavuno huja ndani ya suti yake ya kahawia ili atambulike. Aliufunga mkono kwenye gazeti, akauweka kiti cha nyuma cha gari, akamwambia Alistidia kwamba amejiwekea hazina isiyooza. Alistidia alipiga goti, akamshukuru. Kisha akarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alikuwa anahisi gazeti likimkwaruza kiganja.

Maana jambo hilo hakuna aliyekuwa amelifikiria, hata yeye. Mkono ulikuwa umeondoka lakini kuhisi kulibaki. Kila ulichokigusa Nshambya, alikigusa yeye Kimwani.

Mke wa mzee anaitwa Ma Restituta. Si mwanamke mkatili. Tatizo lake ni kwamba hajawahi kuona kitu kimekaa bure nyumbani kwake akakiacha kikae. Asubuhi mkono ulichambua mchele, ukakoroga uji, ukafuta vumbi kwenye picha za mahafali ya watoto. Mchana ulizamishwa kwenye tundu la sinki kutoa mabaki ya chakula yaliyolala humo, utelezi na mifupa ya samaki. Wakija wageni wa jumuiya ulioshwa ukawekwa juu ya kitambaa cha kufuma katikati ya meza, mzee akawaambia kwamba huu ni mkono wa imani, wakaimba ubeti mmoja, kisha ukawapitishia karanga.

Saa kumi jioni, kila siku ya Mungu, mzee Rutaihwa alivua shati na mkono ukapanda mgongoni kumkuna. Ulikuwa mgongo mpana wenye jasho la tangu asubuhi, chunjua tatu, na kipele kimoja karibu na uti ambacho kilikuwa kinatoa maji na hakikukauka. Alistidia, ambaye katika maisha yake alimgusa mwanamume mmoja tu, naye amezikwa nyuma ya nyumba, akaja kuujua mgongo wa mzee wa kanisa kuliko mwenye mgongo alivyoujua. Akiwa shambani kwa jirani akipalilia kwa mkono mmoja, jembe limebanwa kwapani, saa kumi ikifika alisimama. Alifuta kifundo kitupu kwenye kanga, akafuta tena. Halafu akaendelea na kazi. Hakumwambia mtu, kwa sababu alichukulia kwamba huo ndio uzito wa sadaka, na ibada zote alizohudhuria tangu kipaimara zilimthibitishia hivyo.

Miezi mitano baadaye Joanitha akajifungua. Alikuwa amengoja miaka tisa, amekunywa dawa za hospitali na za mizizi, amesemwa na mawifi mpaka wamechoka wenyewe. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo mbili na nusu, akaitwa Mutalemwa. Baba yake ni fundi wa meli Mwanza na alituma salamu. Katika ukoo wa Alistidia, mama ndiye anayekuja kumkanda binti yake aliyejifungua kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto wa kwanza, kila asubuhi mpaka mtoto akaze shingo, na bibi asiyefanya hivyo anahesabiwa kama hakufika. Alistidia haikumbuki sura ya bibi yake aliyemlea. Anachokumbuka ni mikono yake. Kwa hiyo alipopanda basi la Bukoba alikuwa na jambo moja tu kichwani, kumwogesha huyo mtoto.

Alijaribu siku ya kwanza, pale Bilele, uani kwa Lukmani. Alimlaza mtoto juu ya kifundo cha kushoto akamwagia maji kwa mkono wa kulia. Mtoto aliyepakwa sabuni anateleza kuliko kambale. Aliteleza, akazama ndani ya beseni, akatoka amemeza maji na midomo imebadilika rangi. Siti, mke wa Lukmani, alikuwa anaanika nguo, akaacha nguo akamwinua. Mtoto akakohoa, akalia, mambo yakaisha. Toka siku hiyo Siti ndiye aliyemwogesha mjukuu wa Alistidia, na Alistidia akashika taulo.

Siku ya tisa alikwenda Nshambya kwa miguu. Ilikuwa saa kumi na robo, kwa hiyo alijua atamkuta mzee bila shati. Alimkuta sebuleni, ameinama, mkono uko mgongoni unafanya kazi yake. Alistidia alipiga goti zuliani akasalimia kwa Kihaya kama inavyopasa. Mkono ulimtambua. Ulishuka kwenye kochi, ukavuka zulia kwa vidole, ukashikana na ule wa kulia, nao ulikuwa na unyevu.

"Tata, waitu, baba yangu, sikuja kuudai," Alistidia alisema. "Naomba niuazime mwezi mmoja tu. Nimwogeshe mtoto, kisha niulete mwenyewe."

Mzee Rutaihwa alifikiri, na ukweli usemwe, alionekana kuguswa.

"Ungekuwa wangu ningekupa sasa hivi," alisema. "Lakini mimi ni mtunzaji tu. Mwenye mali ni Bwana, na mali ya Bwana haiazimwi." Kisha akaugeuzia mkono mgongo, na mkono ukarudi kupanda.

Ma Restituta alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Alikuja na chai, akaketi karibu na Alistidia kabisa, wakawa magoti kwa magoti. Alisema amelifikiria jambo hilo siku nyingi, kabla hata mtoto hajazaliwa. "Huu mmoja peke yake haukamui nguo wala haumenyi ndizi," alisema. "Sasa wewe ulete na mwenzake. Ikiwa miwili, kazi zangu zitaisha mapema, na mtoto aletwe hapa nyuma, jikoni, aogeshwe na bibi yake kila siku. Bojo, mwenzangu, sisi si watu wabaya."

Alisema hivyo na macho yakamlengalenga kwa huruma yake mwenyewe. Baraza la Rwabigaga liliulizwa kwa simu. Lilikutana dakika ishirini, zikiwemo sala mbili, likaona ni mpango mzuri wenye faida kwa pande zote, likapanga Jumapili ya shukrani ya mtoto iwe siku ya kuupokea mkono wa pili.

Joanitha alimsihi mama yake kwa siku mbili, kisha sauti ikamkauka. Lukmani aliingia jioni ya Ijumaa, akaketi kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Mama Joanitha," alisema, "huo wa kulia mwache Mungu aje auchukue mwenyewe."

"Mwanangu," Alistidia alimjibu, "kwa mmoja siwezi kumwogesha. Nikikosa yote miwili, ataogeshwa."

Lukmani aliyapindua maneno hayo huku na huku kutafuta kosa, hakuliona. Yalikuwa sahihi. Alitoka nje akatema mate kwenye mtaro, akakaa garini muda mrefu bila kuwasha.

Mkono wa kulia ulitoka Jumamosi asubuhi wakati Alistidia akimpapasa mtoto kisogoni. Ulitoka kwa utaratibu uleule, ukabaki pale juu ya kichwa cha Mutalemwa, vidole vimetulia kwenye utosi unaopumua. Joanitha alikataa kuufunga. Siti alikataa pia, akasema yeye hana dini ya kumfanyisha kitu kama hicho. Ikabidi Ma Restituta aje mwenyewe na mkoba wake, akautoa kichwani mwa mtoto kidole kimoja kimoja, kwa upole, akifanya sauti za kubembeleza.

Siku ya pili, kule Rwabigaga, Kahigi alihubiri habari ya yule mjane aliyetoa vyote alivyokuwa navyo. Alihubiri vizuri, watu walijifuta macho. Hakugusa lile neno juu ya wanaokula nyumba za wajane, ingawa liko mistari michache tu kabla ya hapo na ukurasa ulikuwa umefunguka mbele yake. Kwenye mnada hakukuwa na mwingine aliyetaja bei zaidi ya mzee Rutaihwa. Kahigi alihesabu moja, mbili, tatu bila kuvuta pumzi katikati. Alistidia aliketi mbele, kwenye kiti cha plastiki chenye shada la maua, mikono ya gauni ikining'inia mitupu. Alikuwa anatabasamu. Waliokuwepo wanasema halikuwa tabasamu la kulazimisha.

Mikono ilikutana jioni hiyo juu ya meza ya jikoni Nshambya. Ilishikana, ikasuguana kidogo kama ya mtu aliyetoka kwenye baridi, kisha ikapewa beseni la nguo.

Tangu hapo Joanitha alibeba mtoto kila asubuhi kutoka Bilele mpaka Nshambya. Hakupitia mlango wa mbele. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni akangoja mikono imalize kukamua mashuka na kumenya ndizi, wakati mwingine saa nne, wakati mwingine saa sita, mtoto akilia kwa kungoja. Ikimaliza, ilinawa, ikajaribu maji kwa kifundo cha kidole, ikampokea. Ilimwogesha kama inavyotakiwa: kichwa kwanza, mikunjo ya shingo, makwapa, mgongo, ikamnyoosha miguu, ikambana pua kuinyanyua. Mtoto alinyamaza mara tu ilipomgusa. Ma Restituta aliwaita wageni waje kutazama.

Na Kimwani, Alistidia aliketi kizingitini akiwa ameelekea jua. Maji yalipofika kwenye vidole alifumba macho. Alijua siku kitovu kilipokauka. Alijua mtoto amenenepa kabla Joanitha hajapiga simu. Alijua siku shingo ilipokaza, maana kichwa kiliacha kumlemea kiganjani. Hizo ndizo dakika zake, labda kumi na tano kwa siku, na hakuna haja ya kuzidogosha, zilikuwa nzuri. Kisha maji yalimwagwa, na mikono ikaitwa kuzibua sinki.

Kina mama wa usharika walipanga zamu ya kumlisha. Zamu ilidumu wiki tatu. Baadaye jirani mmoja alimwekea sahani juu ya kigoda, naye Alistidia akala kwa kuinamisha uso kama wanavyokula viumbe wengine, na mchuzi ukimchuruzika kifuani hakuwa na wa kumfuta. Kanisani walimhamisha benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya harufu ya gauni. Baraza lilimpa cheti chenye fremu. Kahigi alikileta mwenyewe, akakitundika ukutani, akakaa akanywa maji, na muda wote inzi mmoja alikuwa ametua kwenye kope la Alistidia. Kahigi alimwona huyo inzi. Hakumfukuza.

Mara moja tu kulitokea tatizo. Joanitha, mtoto akiwa na miezi saba, aliificha mikono yote miwili ndani ya shali, akatoka nayo mpaka Bilele, akaiweka juu ya kitanda chake. Hakuwa na mpango zaidi ya huo. Kule Kimwani Alistidia alisikia sufu mahali ambapo palipaswa kuwa na sufuria. Alimwomba jirani ampigie simu na kumshikia sikioni.

"Irudishe," alisema.

"Mama, ni yako."

"Si yangu, wala si yako. Mimi niliitoa nikiwa na akili zangu. Usinifanye mwizi mbele za Mungu."

Joanitha alilia, akaomba, akasema maneno ambayo binti hamwambii mama. Alistidia alimngoja amalize. Kisha alirudia neno lake la kwanza, na jioni mikono ikarudishwa. Mzee Rutaihwa alisema hakuna ubaya, ila saa kumi ilikuwa imempita hajakunwa.

Mutalemwa alipofikisha mwaka na mwezi mmoja, Joanitha alimleta Kimwani, nyumbani kwa bibi yake, kwa mara ya kwanza. Ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Alistidia alikuwa amevalishwa gauni safi na jirani na ameketi palepale kizingitini, mgongo umenyooka, anatazama njia. Tangu wiki iliyotangulia hakuwa amesema jambo lingine. Alikuwa na wasiwasi kidogo, alimwambia jirani, kwa sababu yeye anamjua mtoto sana, lakini mtoto hajamwona tangu akiwa mchanga wa siku chache.

Joanitha alimweka mapajani kwake. "Huyu ndiye bibi," alimwambia. "Huyu ndiye anayekuogesha."

Mtoto alimtazama Alistidia usoni kama anavyotazamwa mtu yeyote wa barabarani. Kisha alishika mkono wa gauni, akaufunua, akaingiza kiganja chake ndani kutafuta. Aligusa ile ngozi ya mviringo. Akahamia wa pili, akatafuta humo pia, akagusa ngozi ya mviringo nyingine. Hapo akaanza kulia, akajirusha kuelekea njia waliyokuja nayo. Alistidia alimzungushia vigutu vyake asianguke. Mtoto alivisukuma kwa miguu, akalia mpaka akashika pumzi.

"Mama, mbembeleze," Joanitha alisema. "Mwimbie hata wimbo. Mbona umenyamaza?"

"Mikono ina kazi," Alistidia alisema.

"Kazi gani Jumapili hii?"

Alistidia alimweleza, bila kuficha wala kukaza sauti, kwamba mzee tangu mwezi uliopita anaumwa miguu. Siku za Jumapili wanamwekea beseni la maji ya uvuguvugu, na mikono inamtoa magaga ya kisigino, yamekuwa mazito, yanatoka vipande vipande, na katikati ya vidole kuna kitu cheupe chenye utelezi ambacho ni lazima kikwanguliwe kwa kucha. Wakati huo mikono haisikii kitu kingine. Alisema hivyo huku ameangalia pembeni.

Joanitha alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akaanza kutembea naye uani, kutoka mlangoni mpaka kaburini kwa baba yake na kurudi. Mtoto alilia, akachoka, akalala. Joanitha alisimama mbele ya mama yake akauliza kwa sauti ya chini kama sasa mikono imemaliza, walau amguse mtoto kwa vigutu akiwa amelala.

"Bado," Alistidia alisema. "Ndiyo kwanza tumeingia mguu wa pili."